Kalamu ya Buluu

Manispaa ilinipa ndoo ya chokaa, brashi, na karatasi ya kazi:
ukuta wa kiwanda cha sufu, mtaa wa chini, Covilhã.
Futa. Kisha tia alama: imefanyika, haijafanyika.

Herufi zilinizidi kimo, za rangi ya buluu,
zimeandikwa na mkono uliokimbizwa na woga:
IDALINA NGURUWE RUDI JIKONI
na chini yake neno jingine
ambalo mama angenizaba kofi kwa kulisoma tu.

Nilikwisha chovya brashi
mzee Evaristo alipovuka barabara
na ndara za ndani, shati vifungo upande.
"Subiri," akasema.
Nikadhani uchungu wa baba umempanda,
anataka kufuta mwenyewe.
Idalina ni mwanawe. Wa pekee.

Lakini alisimama akiitazama rangi.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alipanga herufi gazetini.
Kila usiku alibeba kurasa mbichi, wino haujakauka,
hadi ofisi iliyo juu ya benki,
kwa kapteni mstaafu aliyenuka peremende
na kuchonga kalamu yake ya buluu kwa wembe.
Usiku mmoja kapteni alikata neno njaa,
akaandika pembeni: upungufu wa muda.
Usiku mwingine alikata jina la mfumaji
aliyevutwa na mashine, akafa;
asubuhi gazeti likatoka na tangazo la sabuni
mahali palipokuwa na maiti.

"Hakukata tusi hata moja," mzee akaniambia.
"Sisi tulitukanwa humo kila siku, kwa kibali.
Alichokata ni majibu.
Wangeandika watamchoma, ningekushikia ngazi.
Hili ni tusi. Leo unafuta hili.
Kesho watakupa karatasi nyingine. Utaisoma?"

Nikanyamaza. Karatasi za kazi sizisomi, natia sahihi.

Ndipo Idalina akatokea na mfuko wa vitunguu.
Akasoma. Akasoma tena, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji.
"Baba," akasema, "mimi si gazeti lako.
Ni rahisi kuusifu uhuru ukiwa ng'ambo ya barabara.
Mwanangu atapita hapa saa saba na nusu.
Anajua kusoma tangu Krismasi."

Mzee alifungua kinywa, akakifunga.
Akutukanaye hakuchagulii tusi, wanasema;
hawasemi ni nani wa kukuchagulia jibu.

"Belmiro, lete hiyo brashi."
Akalifuta lile neno la chini, lile moja tu.
Mengine akayaacha, na chini yake, kwa chokaa,
juu ya mawe meusi kwa moshi wa miaka:
KIKAO CHA MAJI, ALHAMISI, SAA MOJA JIONI.
NJOO ULISEME UKIWA UMEKAA.

Mzee akaomba brashi.
Mkono ukitetemeka, akatia koma baada ya Idalina.
"Hata tusi," akasema, "lina haki ya koma."
Binti hakucheka. Mimi nilicheka, nikajuta.

Mtoto alipita na begi lake.
Akauliza nguruwe ni nani.
Walikuwa wameshafika mbali, sikusikia jibu.

Alhamisi nilikwenda.
Mabomba, saa mbili nzima, viti vya plastiki.
Nyuma kabisa alikaa kijana nisiyemjua wa nani,
tone la buluu kwenye kamba ya kiatu.
Idalina akauliza, "Kuna mwingine?"
akangoja kupita kiasi,
hadi tukasikia friji ikinguruma chumba cha pili.
Kijana alikitazama kiatu chake.
Mtu akakohoa. Kikao kikafungwa.

Karatasi bado ninayo mfukoni, imekunjika mara nne.
Bosi ameshaiulizia.
Imefanyika, haijafanyika.
Na kalamu waliyonipa ya kutilia alama
ni ya buluu.